Betri Niliyowanyima

Jumamosi, 10 Januari 1998

Redio imefika kwa trekta. Gari la Umoja limekwama tangu juzi kwenye korongo, daraja limekwenda na maji ya hii mvua wanayoiita El Nino, na kama si mwenye trekta la pamba, sanduku lingekuwa bado linanyeshewa barabarani. Mkuu wa shule, Bwana Donatus, kalipokea utadhani kalinunua yeye. Kahutubia nusu saa nzima, yeye barazani, watoto kwenye matope.

Umoja wa Shule Sita umeagiza kila mwalimu mwenye redio aandike kila siku kasikia nini na kwa nguvu gani. Hayo nitayajaza kwenye fomu zao. Daftari hili ni langu mimi Generoza, mwalimu wa fizikia wa Bulangwe, na humu nitaandika ninavyojisikia, maana nina hasira tangu mwaka jana na sijapata pa kuziweka.

Mwaka jana mtihani wa ufadhili uliuzwa mjini siku tatu kabla bahasha haijatufikia. Shule zote sita zikafutiwa. Pantaleo wangu alikuwa wa kwanza hapa, kwa akili zake, hakuona karatasi ya mtu. Akafutwa pamoja na wezi. Kijana aliacha kuchimba kwenye duara la dhahabu kwa hiari yake, akarudi kukaa dawati moja na watoto wanaomwita kaka, ili apate chuo cha ufundi. Ufadhili mwisho miaka ishirini, na yeye anaitimiza Mei. Mwaka huu akikosa, amekosa.

Safari hii hakuna bahasha. Maswali arobaini yatasomwa hewani kutoka Kituo, kule Ushirombo, shule zote sita zisikie kwa wakati mmoja. Watoto watachagua A, B, C au D, kisha kila shule itasoma majibu yao hewani, ndani ya saa moja. Ambaye majibu yake hayajasomwa saa ikiisha, hesabu hakufanya. Tarehe ni 14 Machi. Kwa hiyo kila kitu kinategemea redio, waya na betri, na vyote vitatu vimewekwa mikononi mwangu.

Jumanne, 13 Januari

Mvua. Ofisi inavuja. Sanduku nimelihamishia juu ya meza mara tatu.

Jumamosi, 17 Januari

Waya wa antena ni mrefu kuliko uwanja wetu. Mlingoti wa kwanza unasimama hapa shuleni, wa pili lazima usimame uani kwa Mzee Ngassa, hatua kama mia tatu kutoka ofisini. Nikamwambia Mkuu twende tukaombe. Akasema niandike barua. Barua! Mtu ambaye ukikohoa hapa anakusikia!

Nilikwenda mwenyewe. Mzee Ngassa ndiye mtemi wa sungusungu, walinzi wa jadi wa hapa, na mdogo wake ni Baba Pantaleo, mwalimu wa kwaya wa kigango, yule mwenye kifua kibovu tangu enzi za vumbi la karasha, ile mashine ya kuponda mawe ya dhahabu. Nilimkuta mzee anasuka kamba.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mayu. Mbona umekuja na koleo?"

Nikamweleza. Akaniuliza kama waya utaita radi. Nikamweleza habari ya waya wa ardhini, akanisikiliza hadi mwisho, jambo ambalo Mkuu hajawahi kunifanyia.

"Na huo waya ndio utampeleka mtoto wa mdogo wangu chuoni?"

"Ukisimama, baba, ndiyo."

"Basi na usimame."

Akachimba shimo yeye mwenyewe, mzee wa miaka sabini, mimi nimeshika mlingoti. Mkuu alikuja tulipomaliza, akatikisa mti kuona kama umekaza. Nilimtazama tu.

Jumamosi, 24 Januari

Jaribio la kwanza. "Kituo, Kituo, hapa Bulangwe, ova." Na Bwana Onesmo, fundi wa Kituo, akanijibu kwa sauti safi: "Bulangwe, nakupata vizuri, ova." Nilitaka kuruka. Watoto kumi na mmoja wa mtihani walikuwa dirishani, wakapiga makofi.

Tukajaribu kusoma majibu. A kama Arusha, B kama Bukombe, C kama Chato, D kama Dodoma. Mtoto mmoja kwa majibu arobaini anachukua dakika nne. Kumi na mmoja ni dakika arobaini na nne. Tunabakiwa na kumi na sita za dharura.

Tuko katikati ya mtoto wa tatu, akaingia mwanamume mwingine. "Haloo, haloo, Kamili wa Bugarama hapa, duara la juu limetema, nani ana mzigo?" Mnunuzi wa dhahabu, kwenye masafa ya shule! Nikamwambia atoke. Akacheka. "Dada una sauti nzuri, umeolewa?" Nikampa vidonge vyake, nikasahau kuachia kitufe cha maiki, shule zote sita zikasikia. Bwana Onesmo kaniandikia onyo. Sijutii hata neno moja. Ila najiuliza, huyu Kamili masafa yetu kayapata wapi?

Jumatano, 28 Januari

Mvua.

Jumanne, 3 Februari

Leo niandike habari za betri. Ni ya gari, niliifuata mwenyewe Kahama kwa Liaquat mwenye duka la vipuri. Liaquat alinishika mkono mlangoni, akasema: "Mwalimu, hii usiinyonye hadi mwisho. Ikifa imekufa." Inachajiwa na paneli ya jua juu ya paa, na jua lenyewe liko wapi? Tangu Jumapili sijaona kivuli changu.

Nimewaeleza watoto, na naandika nisije nikasahau mwenyewe: kusikiliza kunakula betri kidogo sana, kusema ndiko kunakula. Ukibonyeza kitufe na kuongea dakika kumi, umekula zaidi ya kusikiliza asubuhi nzima. Kwa hiyo kwa mawingu haya tunasema mara moja kwa wiki, basi.

Redio na betri nimevifungia chumba cha maabara. Funguo mbili. Mmoja wangu. Wa pili kaudai Mkuu. "Mali ya shule, Mwalimu Generoza, haiwezi kukosa mwenyewe." Sawa, mwenyewe.

Jumatatu, 16 Februari

Betri imeshuka. Nimepima mara mbili. Ijumaa ilikuwa imejaa karibu hadi juu, leo nusu. Sijasema neno hewani tangu Jumamosi, tarehe 7.

Jumatatu, 23 Februari

Imeshuka tena! Nimewaita wote kumi na mmoja, nimewauliza nani anaingia maabara kusikiliza miziki. Nikawapa eneo la kufyeka nyuma ya jiko, wote. Pantaleo alichukua fyekeo bila kununa, ila kabla hajaondoka aliniambia:

"Madam, sisi hatuna ufunguo."

Nikamwambia asinifundishe kazi. Alifyeka hadi saa kumi na mbili na mvua ikimnyeshea. Usiku nilikula ugali haupandi. Lakini nani basi? Nani?

Jumamosi, 28 Februari

Jaribio la mwisho. Kamili kaingia tena. Safari hii kaingia kwa adabu, akanisalimu, akaomba samahani, akauliza "mwenye kituo" yupo. Mwenye kituo ni mimi, nikamwambia. Akanyamaza, akatoka.

Kuanzia leo betri haisemi neno hadi tarehe 14. Nimemwomba Mkuu hata yeye asiiguse. Akacheka, akaweka mkono kifuani. "Mimi? Mimi nitaigusia nini?"

Alhamisi, 5 Machi

Jua, saa mbili nzima. Nimepanda juu ya paa kufuta paneli kwa kanga yangu.

Jumanne, 10 Machi

Baba Pantaleo amefariki alfajiri. Kifua. Wanafunzi walikuja kuniambia kabla ya kengele. Mungu amrehemu. Mtu aliyefundisha kijiji kizima kuimba sauti nne, watu wasiojua hata kusoma.

Na Mungu anisamehe, nilipopewa habari nilihesabu siku. Mazishi kesho. Kunyoa nywele siku ya nne baada ya mazishi, yaani Jumapili. Mtoto wa kwanza wa kiume hatoki pale kwenye moto wa matanga hadi anyolewe. Mtihani Jumamosi.

Jumatano, 11 Machi

Nitaandika yote.

Tulizika saa nane, kaburi likiingia maji, vijana wanayachota kwa ndoo. Kwaya iliimba bila mwalimu wao, wakakosea mahali pa kuingia, wakalia. Baada ya mazishi nilikwenda kukaa na wanawake, nikasubiri, halafu nikamfuata Mzee Ngassa. Nilipiga magoti. Mimi sipigii mtu magoti, nilipiga.

"Baba, najua siyo desturi. Jumamosi Pantaleo ana mtihani. Saa tatu hadi saa saba. Mwaka huu ndio wa mwisho kwake."

Wazee wengine waliguna. Mmoja akasema kwa Kisukuma maneno ambayo nilijifanya sijayasikia. Mzee Ngassa akasogeza kuni motoni, halafu akasema:

"Marehemu alitaka mtoto asome. Ataenda. Asisalimiane na mtu njiani, afanye, arudi hapa hapa motoni. Nitabeba mimi lawama."

"Wabheja, baba, asante." Nilikuwa nalia.

Naye akaniinua, akasema: "Sasa na sisi tuna shida yetu, mwalimu. Marehemu amerekodiwa kwenye kanda ya kwaya, sauti yake yenyewe, ndiye anayeongoza. Mama Pantaleo anataka matanga yote yaisikie. Spika ya kigango ipo. Betri ya kigango imekufa. Tupatie ile ya shule hadi Jumapili."

Hadi Jumapili! Spika ile siku tatu inaimaliza betri kabisa, na kwa mawingu haya haijai tena hadi Aprili. Nilimweleza. Kusikiliza kunakula kidogo, kusema kunakula sana, spika inakula kuliko vyote. Nilieleza na kueleza, kama niko darasani, na watu wote wananitazama.

"Kwa hiyo unatunyima," alisema Mzee Ngassa.

"Siyo mimi, baba, ni mtihani wa Pantaleo huyo huyo."

"Nimekuuliza, unatunyima?"

Ndipo hasira zikanipanda. Ningeweza kusema nipeni siku moja nifikirie, ningeweza kusema chochote. Nikasema: "Ndiyo. Kanda itasubiri. Mtihani hausubiri." Mbele ya mjane. Mama Pantaleo mwenyewe, Philomena, alikuwa amekaa mkekani, kajifunika kaniki, akainua uso akanitazama.

Nilikwenda kuomba mtoto, nikapewa. Dakika hiyo hiyo nikaombwa betri, nikanyima. Na bado nasema nilikuwa sahihi! Hesabu zangu ni sahihi. Kwa nini basi nimekaa hapa siwezi kula?

Alhamisi, 12 Machi

Nimetengwa.

Sikujua hadi kisimani. Nilisalimia "Mwangaluka," wanawake sita, hakuna aliyeitikia. Wakachukua ndoo zao wakasogea. Nikaenda gengeni kutaka nyanya, mwenye genge akafunika nyanya kwa gunia. Mtoto mdogo akaanza kuniamkia shikamoo, dada yake akamziba mdomo.

Mlinzi wa shule kanieleza akitazama pembeni, maana na yeye hatakiwi kunisemesha: sungusungu wamekaa, aliyenyima msiba hasalimiwi, hauziwi, hapewi hata kaa la moto, hadi akae chini aombe radhi na alete mbuzi. Mbuzi! Niombe radhi kwa kulinda mtihani wa mtoto wao? Silipi. Nitakula maharage ya shule hadi nife.

Betri yao wamekodi kwa mwenye mashine ya kusaga. Kanda inalia tangu asubuhi. Sauti ya Baba Pantaleo inafika hadi darasani, nzito, haina haraka. Sikuweza kufundisha.

Ijumaa, 13 Machi

Nimepima betri saa kumi jioni: imejaa. Imejaa! Nimefunga maabara. Kesho.

Jumamosi, 14 Machi

Saa moja asubuhi nilifungua maabara nikapima. Robo. Chini ya robo.

Nilidhani kipimo kimeharibika. Nikapima tena, nikasafisha vichwa vya betri, nikapima tena. Waya hazikuguswa, maji yake sawa, mlango umefungwa. Niliketi sakafuni. Nilikuwa sina hata wa kumpigia kelele. Mkuu alikuwa kaenda "kikazi" tangu alfajiri, kwa pikipiki.

Saa mbili na nusu Pantaleo aliingia, miguu peku, nywele na majivu, macho chini, hakusalimia mtu kama alivyoagizwa. Wenzake walimpisha njia. Sikuwaambia kitu. Wangefanya nini?

Saa tatu kamili Kituo kikaanza. Kusikiliza kunakula kidogo, na kweli, maswali yote arobaini tuliyapata, kila moja mara mbili, mvua inapiga bati na Bwana Onesmo anasoma taratibu. Hakuna aliyeinua kichwa. Mwalimu wa zamu alikusanya karatasi. Pantaleo alikuwa namba nane kwenye orodha.

Saa sita kamili tukaitwa kujibu. Nikabonyeza kitufe. Taa nyekundu ikafifia papo hapo. Nikasoma mtoto wa kwanza, haraka, wa pili, wa tatu. Kwenye jibu la mwisho la mtoto wa tatu Bwana Onesmo akasema, "Bulangwe, unapotea, rudia," nikarudia, na taa ikazimika. Kimya. Dakika kumi na mbili zimepita. Watoto wanane bado.

Nilikimbia. Niliacha redio, nikamwambia mwalimu wa zamu alinde karatasi, nikakimbia hizo hatua mia tatu kwenye matope, kiatu kimoja kikabaki njiani. Pale matangani kanda ilikuwa inaimba. Wanaume upande huu kwenye moto, wanawake upande ule mkekani, na waliponiona wakageuza nyuso wote kwa pamoja. Na mimi nilisimama katikati nikiwa nimelowa, sijui nimtazame nani.

"Betri yangu imekufa," nilisema. "Amebaki Pantaleo na wenzake saba. Naomba betri."

Hakuna aliyejibu. Hawaruhusiwi kujibu. Mzee Ngassa alitazama moto. Niliwaza: sawa, ndicho nilichowapa, na mimi nipewe hicho hicho.

Aliyesimama ni Philomena. Mjane, ambaye hatakiwi kuinuka mkekani. Alikwenda kwenye spika akashika waya. Baba Pantaleo alikuwa anaimba peke yake hapo, kwaya bado haijaitikia. Philomena alisubiri kidogo, nilimwona anasubiri, halafu akauchomoa. Sauti ya mume wake ikakatika katikati ya neno.

Akaiinua betri, wanawake wawili wakamtwika kichwani. Akatembea nyuma yangu hadi maabara, asidi inamdondokea begani, hakunijibu nilipomwambia pole, hakunitazama. Akaitua mezani, akarudi. Hawakuninyima betri. Walininyima salamu tu.

Nilifunga nyaya. Dakika ya ishirini na tano. "Kituo, hapa Bulangwe, namba nne, ova." Nne, tano, sita, saba. Nikafika nane. "Namba nane, Pantaleo. Moja, B kama Bukombe. Mbili, A kama Arusha..." Na hapo akaingia.

"Haloo Bulangwe, Kamili hapa. Mkuu, jana jioni tulikatika katikati, betri yako ilikwisha nini? Tumeongea zaidi ya saa nzima, bado hatujaafikiana. Ule mzigo unaleta au huleti?"

Shule zote sita. Kituo. Wote wamesikia. Jana jioni. Ijumaa zile zote. Fyekeo la Pantaleo kwenye mvua. Ufunguo wa pili.

Nilibonyeza. "Kamili," nilisema, na sikupiga kelele, sijui sauti ile niliitoa wapi, "Mkuu hayupo. Hapa kuna watoto wanafanya mtihani, na huyu ninayemsoma amezika baba yake Jumatano. Ukisema neno lingine umemfuta. Toka."

Kamili akajibu: "Haki ya Mungu sikujua. Mwalimu, nisamehe. Wote wa Bugarama walioko hewani, zimeni, jamani, zimeni, kuna mtihani." Akatoka, na hakuna sauti ya dhahabu iliyoingia tena.

Nilimaliza mtoto wa kumi na moja dakika ya hamsini na tisa. "Bulangwe, wote kumi na mmoja nimewapata," alisema Bwana Onesmo. Pantaleo alisimama, akatoka, akarudi motoni kwao.

Betri ya matanga ilirudi imekwisha. Niliinyonya hadi mwisho. Mwenye mashine akaja akaichukua jioni hiyo hiyo, akigomba. Msiba umemalizika bila kanda.

Jumapili, 15 Machi

Wamenyoa asubuhi. Mchana nilikwenda na mbuzi, beberu mweusi niliyeletewa na mlinzi kutoka kijiji cha jirani. Nikakaa chini, kwenye matope, mbele ya wote.

"Nimekosea," nilisema. "Nilinyima msiba. Tena nilinyima kwa maneno mabaya, mbele ya mwenye msiba. Hesabu zangu zilikuwa sawa, ila mdomo wangu haukuwa sawa, na jana mmenilipa kwa wema. Mama Pantaleo, nisamehe."

Mzee Ngassa akasema mbuzi amepokelewa. Watu wakaanza kuinuka. Nikasema bado, nina la pili. Mkuu alikuwa amekaa kwenye kiti, safu ya mbele, kaja kutoa rambirambi kwa niaba ya shule. Suti!

"Mimi niliwanyima betri ili watoto wafanye mtihani. Yeye alikuwa anaitumia. Jioni, kwa ufunguo wake, kuongea na wanunuzi wa dhahabu. Siku ile mnaomba, ilikuwa na nguvu. Ijumaa mkiwa bado mnaomboleza, kaimaliza kwa mzigo wake. Shule sita zimesikia. Kama mimi nimenyima msiba, yeye kafanya nini?"

Mkuu alisimama. "Mwalimu Generoza, mambo haya tuyamalize kiofisi."

"Ofisi gani? Ile yenye ufunguo wa pili?"

Watu walicheka, kicheko kibaya. Mkuu akasema yeye ni mtumishi, sungusungu hawana mamlaka juu yake. Mzee Ngassa akamwuliza, kwa upole kabisa, kesho atachota maji wapi, na maziwa atanunua kwa nani. Mkuu akakaa.

Faini yake ng'ombe mmoja. Na ufunguo nikapewa mimi pale pale.

Nilipokuwa naondoka nilimwita Pantaleo pembeni, kichwa chake kimenyolewa kinang'aa. Nikamwambia kuhusu lile fyekeo nilikosea. "Nilijua utajua, Madam," alisema. Nilikaribia kumchapa na nilikaribia kumkumbatia, sikufanya lolote.

Jumatatu, 16 Machi

Kisimani. "Mwangaluka, mwalimu." Wote sita.

Jumamosi, 4 Aprili

Matokeo yamesomwa hewani. Kutoka Bulangwe wamechukua watatu. Pantaleo ni wa pili kwa shule zote sita. Anaondoka mwezi ujao. Mkuu amehamishwa, hawajasema wapi, na mimi sijauliza.

Jumapili, 19 Aprili

Arobaini ya Baba Pantaleo. Jua limewaka wiki nzima na betri ya shule imejaa pomoni. Nimeibeba mwenyewe kichwani, kwa ngata ya kanga, hatua zote mia tatu, na vijana waliotaka kunipokea niliwafukuza.

Philomena alikuwa ameshaweka spika uani. Nikafunga nyaya. Nikamwuliza kama nirudishe kanda mwanzo.

"Hapana," alisema. "Sijaigusa tangu siku ile."

Akabonyeza. Baba Pantaleo akaanzia katikati ya neno, pale pale tulipomkata, akalimaliza, na kwaya ikamwitikia. Pantaleo aliinamisha kichwa. Mimi nililia kwa hasira, sijui kwa nani tena, labda kwangu, na Philomena akanisogezea mkeka nikae. Tulisikiliza hadi upande wa kwanza ukaisha, halafu akaigeuza.